Kansa ya mzee, familia inavuta kila upande. Nani ndio anafaa kuamua?

KijanaWaKahawa

Habari za jioni wadau. Mimi huwa nasoma tu humu bila kuandika lakini leo imebidi.

Mzee wetu ana miaka 67. Kanisani walileta kambi ya matibabu ya bure wakapima wazee damu, ile ya PSA ya kuangalia prosteti (tezi ya wanaume iliyo chini ya kibofu cha mkojo), yake ikatoka 7 na kitu akaambiwa aende hospitali. Tukampeleka kwa daktari wa mkojo huko mjini, hospitali ya binafsi, akafanyiwa biopsi (wanatoa vipande vidogo vya nyama ya hiyo tezi vikapimwe) na juzi majibu yakatoka. Ni kansa ya prosteti. Wameandika Gleason 3+3=6 na kati ya vipande 12 walivyotoa ni 2 tu ndio viko nayo. Daktari aliongea na mimi na dada yangu kwa korido, akasema dawa ni kutoa hiyo tezi yote, tuweke depoziti atupe tarehe. Nikamuuliza kama kuna njia ingine akasema mkikawia itaenea, simu yake ikalia akaenda.

Sasa balaa iko kwa grupu ya WhatsApp ya familia. Broo mkubwa ako Houston na ndiye ametoa pesa nyingi, yeye anataka mionzi, anasema opareshoni imepitwa na wakati. Shangazi anajua mtu Limuru wa dawa za miti. Mjomba anasema twende India kama mtoto wa fulani. Dada yangu anataka opareshoni wiki hii hii juu halali usiku. Mathe haandiki kitu kwa grupu, yeye alituomba jambo moja tu, neno kansa lisitajwe mbele ya mzee, juu kaka ya mzee alikufa na kansa ya koo na tangu hapo mzee akisikia hilo neno anatoka nje. Kwa hivyo mzee anajua ako na uvimbe wa njia ya mkojo. Tukimuuliza anataka nini anasema "fanyeni venye mnaona".

Daktari ameniambia naweza kusaini mimi kama kijana wake. Nisaidieni mawazo, hapa mwenye kuamua ni nani? Daktari, sisi, ama broo juu ndiye analipa?

---

Mama_Twins_Donholm

Woi pole sana. Hiyo ya anayelipa ndiye anaamua iko kwa kila familia, kwetu ilituletea vita hadi leo watu hawasalimiani. Naweka kiti hapa nisome.

---

Nesi_Mstaafu

Pole mwanangu. Nimefanya wodi ya wanaume miaka mingi kabla nistaafu, nitakwambia ninachojua halafu mengine umalizie na daktari akiwa ameketi chini, si kwa korido.

Kwanza hiyo namba. Gleason ni mtaalamu wa maabara ameangalia seli kwa darubini akazipa alama kulingana na sura yao, halafu akajumlisha alama mbili. Siku hizi 6 ndiyo alama ya chini kabisa ambayo biopsi inaitwa kansa, 10 ndiyo kali. 3+3 kwa vipande viwili kati ya kumi na viwili, na PSA iko chini ya 10, hiyo kwa kawaida inawekwa kwa kundi la hatari ndogo. Sijasema si kitu. Ninasema si ya kuweka depoziti leo jioni. Aina hii mara nyingi hutembea polepole sana, wazee wengi wanakufa nayo bila kufa kwa sababu yake.

Pili, njia ziko zaidi ya moja na mojawapo hakuna mtu ameitaja kwa hiyo grupu yenu, kufuatilia kwa karibu bila kukata wala kuchoma. Anapimwa PSA kila baada ya miezi kadhaa, anafanyiwa MRI, biopsi inarudiwa kwa wakati wake, ikionekana imebadilika ndipo mnaingia na opareshoni ama mionzi. Uingereza walifanya utafiti mkubwa unaitwa ProtecT, wanaume 1,643 wa miaka 50 hadi 69 waliopatikana na kansa ambayo bado haijatoka kwa tezi, wakagawanywa kwa kura: wengine kufuatiliwa, wengine kukatwa, wengine mionzi. Matokeo ya miaka 15 yalitoka 2023. Waliokufa kwa kansa yenyewe walikuwa kama 3 kwa kila 100, na makundi yote matatu yalikaribiana sana. Tofauti ilikuwa kwingine. Wale wa kufuatiliwa, kansa ilisambaa kwa kama 9 kati ya 100, wale wengine kama 5. Na zaidi ya nusu yao hatimaye walipata matibabu ndani ya hiyo miaka. Kwa upande mwingine waliokatwa, takriban mmoja kwa wanne alikuwa bado anavaa pedi za mkojo miaka 12 baadaye, na nguvu za kiume zilishuka haraka. Mionzi ilisumbua baadhi yao upande wa choo kubwa.

Lakini usichukue hiyo ukaenda nayo kama Biblia. Karibu wote kwa huo utafiti walikuwa wazungu, na inajulikana wanaume weusi wanapata hii kansa zaidi na mapema zaidi. Kwa hivyo daktari anaweza kuwa na sababu nzuri ya kutaka kukata. Hiyo sababu ndiyo aseme. "Itaenea" ni maneno ya kumtisha mtu.

Na tatu, nimesoma ulichoandika mara mbili. Mnasema mzee amesema fanyeni venye mnaona. Hapo alikuwa anajibu kuhusu uvimbe. Kuhusu kansa hajaulizwa bado.

---

Buda_wa_Industrial

Mimi nitapinga kidogo hapa hata kama mtanikula. Hizi mambo za kumwekea mgonjwa njia tatu mezani achague ni za watu wamesoma na wana bima. Mzee wa 67 amezoea daktari ni daktari. Mimi nikipeleka gari kwa mekanika simwambii nataka abadilishe nini, namwambia inapiga kelele, yeye ndiye anajua. Mathe yangu daktari kijana alimwambia kila kitu kwa asilimia na grafu, kansa ya ini, akarudi nyumbani akageukia ukuta hakula vizuri tena. Tungenyamaza angekaa na furaha ile miezi. Mama yake huyu msee anamjua mzee wake kuliko sisi wote humu, akisema asiambiwe mskizeni.

---

Nesi_Mstaafu

Pole kwa mama yako, na sikucheki, hiyo imetokea kwa wengi. Ila gari halivai pampers baada ya mekanika kumaliza kazi. Hapo ndipo mfano wako unakwama.

Na mimi sijasema mzee amwagiwe kila kitu kama ndoo ya maji. Kuna hatua inarukwa sana hapa kwetu, kumuuliza mtu anataka kujua kiasi gani. Unaketi naye unasema, baba majibu yametoka, kuna wazee wanapenda daktari awaeleze kila kitu na kuna wengine wanapenda mtoto ndiye asikize, wewe ungependa aje? Akisema ongea na mtoto wangu, huo pia ni uamuzi wake, na mko sawa. Kuna wengi husema hivyo na sioni ubaya. Shida ni nyinyi kumjibia kabla hamjamuuliza. Mama yako ini ilikuwa imefika mwisho pengine, huyu mzee bado ana miaka mbele na mwili ni wake, yeye ndiye ataishi na matokeo.

---

wakili_wa_Buruburu

Niongezee upande wa sheria maana hiyo sehemu ya "unaweza kusaini kama kijana wake" imenisimamisha.

Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017, kifungu cha 8, mhudumu wa afya anatakiwa kumweleza mgonjwa hali yake, njia za uchunguzi na matibabu zilizopo, faida, hatari, gharama na matokeo ya kila moja, na kwamba ana haki ya kukataa na kukataa kutamletea nini. Inasema pia aelezwe kwa lugha anayoelewa pale inapowezekana na kulingana na kiwango chake cha kusoma. Kwa hivyo mzee akielezwa kwa Kiswahili ama Kikuyu si fadhila ya daktari. Kifungu cha 9 kinasema ridhaa ni ya mgonjwa. Mtu mwingine anaingia pale tu mgonjwa hawezi kutoa ridhaa mwenyewe, na hata hapo anayetangulia ni yule mgonjwa alimpa mamlaka kwa maandishi ama sheria inamtambua, ndugu wa karibu wanakuja wakikosekana hao. Dharura nayo ina njia yake. Mzee ambaye ameketi sebuleni anasoma gazeti hayuko hata kwa moja ya hizo. Ukisaini wewe na kitu kiharibike, hiyo karatasi haitamlinda daktari wala wewe.

Kwa haki ya Buda wa Industrial, kifungu hicho hicho cha 8 kinaacha mlango mdogo, daktari anaweza kutomwambia mgonjwa hali yake kama kuna ushahidi wa kutosha kwamba kumwambia ni kinyume na maslahi yake. Ushahidi. Familia kuogopa peke yake sidhani inatosha, na ni daktari wa kupima hilo, si grupu ya WhatsApp.

Pia kuna mkataba wa haki za wagonjwa wa Wizara ya Afya wa 2013, uko na haki ya kutafuta maoni ya daktari wa pili. Daktari mzuri hakasiriki ukimwambia hivyo.

Kwa wenye kupenda kesi: Uingereza mahakama yao ya juu iliamua 2015 kesi ya Nadine Montgomery, mama mwenye kisukari ambaye daktari hakumwambia kuna hatari mabega ya mtoto yakwame wakati wa kuzaa, kwa wanawake wenye kisukari ilikuwa kama 9 au 10 kwa 100. Daktari alisema angemwambia angetaka upasuaji. Mtoto akaumia. Mahakama ikasema kipimo ni kile mtu wa kawaida akiwa mahali pa mgonjwa, ama mgonjwa huyo mwenyewe, angeona ni cha maana, si kile madaktari wamezoea kusema. Haifungi mahakama zetu, lakini mawakili hapa wanaweza kuitaja.

Ushauri wa bure wa mwisho: mzee akiwa bado na akili zake timamu, aandike ni nani atamwamulia ikifika siku hawezi. Karatasi moja tu, imewekwa sahihi. Itawaokoa ile vita Mama Twins anasema.

---

Mzee_Kombo

Kijana wangu, mimi ni mkazi wa Majengo Pumwani, hilo gonjwa ninalo, au tuseme nilikuwa nalo. Langu halikuwa kama la babako, mie waliniandikia 4+3, na nikachagua kukatwa, na sijuti. Lakini nilichagua nikijua. Daktari wangu alikuwa mtu mzima mwenzangu, akamtoa kijana wangu nje ya chumba kwa adabu, akafunga mlango, akaniuliza, mzee, wewe na mama mambo ya chumbani yapo bado au mmeyaaga? Wallahi nilicheka. Kisha akaniambia yatakayonipata, mkojo utavuja miezi, huenda usikome kabisa, na hilo jingine huenda lisirudi. Nikamwomba siku kadhaa nikazungumze na mke wangu. Mke wangu akanambia nakutaka uhai kwanza. Tukakata shauri wawili.

Sasa nawe jiulize, babako atakaa nawe na dadako mbele ya daktari aseme hayo? Hatasema. Atasema fanyeni muonavyo. Hiyo ni heshima yake anailinda, usidhani amekuachieni kazi. Mpeleke, mjulishe daktari, kisha nyinyi watoto mtoke. Mamako abaki. Kama kuna mzee mwenzake aliyepitia, wa kanisani au jirani, akae naye pembeni watete. Sisi wazee tunajuana.

Na hayo majani ya Limuru, kama atakunywa amwambie daktari anayakunywa. Yako mengine hugombana na dawa, mengine damu haigandi, na mtu anataka kukatwa.

---

Baridi_ya_Minnesota

Wacha niongee kwa niaba ya huyo broo wa Houston juu mimi ndiye huyo kwetu, hata kama ni jimbo lingine.

Watu wa nyumbani mnaona tunaleta kiburi cha dola. Kwa upande wetu simu inaingia saa nane usiku, tuma, bila kuambiwa daktari alisema nini, jina la ugonjwa lenyewe unalipata kwa voisi noti ya shangazi imekatwa katikati. Unaingia Google kwa hofu, unapata hospitali za huku zinatangaza mashine zao, unarudi kwa grupu na mionzi. Ni ile hali ya kuwa mbali na kitu pekee mkononi ni pesa, basi unaishikilia. Si kumdharau mzee.

Kilichotusaidia sisi kwa mathe, ni dada yangu aliomba daktari ruhusa na ya mathe mwenyewe nikawekwa kwa spika wakati wa kliniki. Nikaskia mathe akisema kwa mdomo wake hataki kusafiri. Ugomvi uliisha hapo, juu sasa nilikuwa nabishana na yeye, si na dada yangu. Pesa nikatuma vile vile. Nilinuna lakini nikatuma.

India pia muulizeni huyo mjomba, atakaa na mzee nani huko na akirudi kliniki za kila mara zitafanywa na nani hapa. Hilo swali huwa halijibiwi.

---

Buda_wa_Industrial

Mzee Kombo amenimaliza nguvu na hiyo swali ya daktari 😂 sawa, nimeskia. Lakini bado nasema kuna wazee mkiwauliza mnawatesa. Si wote.

---

Nesi_Mstaafu

Si wote, ni kweli. Ndio maana unauliza kwanza.

---

KijanaWaKahawa

Asanteni sana wote, sikutarajia hivi. Wacha niwape mrejesho.

Niliongea na mathe kwanza, nikamsomea ile ya Mzee Kombo, isipokuwa ile sehemu ya chumbani, hapo niliruka 😅 Akakubali lakini akasema ni yeye atamwambia, si sisi. Jumapili baada ya kanisa wakaenda wakakaa nje kwa ndizi, wakakaa kitambo. Mzee akarudi amekasirika. Si kwa kansa, amekasirika na sisi, ati tumemjadili kwa simu kama ng'ombe wa mahari. Hakula chakula cha jioni na mimi nikajua hapo tumeharibu. Kesho yake asubuhi akaniita akauliza maswali yake, na hakuna hata moja ilikuwa imetajwa kwa grupu. Kama atavuja mkojo ataweza kukaa kanisani masaa mbili bila aibu juu yeye ni mzee wa kanisa. Na kama hii kitu inatembea polepole venye nesi anasema, anaweza kungoja amalize nyumba ya shags, imebaki mabati na madirisha. Hiyo ingine ya tatu alisema atauliza daktari mwenyewe.

Ile ya kufuatilia alipoiskia aliniuliza mara mbili kama ni kweli iko ama ni mimi sitaki kulipa. Hajaamua. Anasema hatachukua dawa za Limuru lakini shangazi asiambiwe.

Broo ameambiwa atakuwa kwa spika. Alinuna siku nzima halafu akauliza ni saa ngapi za Houston. Dada yangu bado anataka opareshoni na amesema ataenda kumwambia daktari hivyo, sijui nitamzuia aje.

Nimepata daktari wa pili, Jumatano wiki ijayo, na mzee ndiye mgonjwa ataongea kwanza. Swali langu la mwisho, tubebe nini? Nilidhani ni ile karatasi ya majibu tu.

---

wakili_wa_Buruburu

Dada msimzuie. Aende, akae nje na wewe. Akitaka kusema aseme mzee akiwepo.

---

Mzee_Kombo

Msalimie babako. Mwambie ibada ndefu pia msikitini ipo, na pedi ndogo haionekani chini ya kanzu. Kanisani hamvai kanzu lakini suruali nyeusi yafaa.

---

Nesi_Mstaafu

Karatasi haitoshi. Mwende kwa ile maabara iliyosoma biopsi muombe slaidi na vile vibloku vya nta vyenye nyama yenyewe, mnaweza kuviomba visomwe na mtaalamu mwingine. Mara nyingine msomaji wa pili anatoa alama tofauti, na hiyo 3+3 ikigeuka 3+4 mazungumzo yote yanabadilika, kufuatilia kunaweza kuwa si wazo zuri tena. Kama alifanyiwa MRI mbebe sidii, kama hakufanyiwa muulize daktari wa pili kama inafaa kabla ya kuamua chochote, maana biopsi inaweza kukosa mahali kubaya zaidi ya hapo ilipochomwa. PSA zote za zamani kama zipo, hata ile ya kambi ya kanisa. Dawa zote anazokunywa, presha, sukari, ziweke kwa mfuko zije kama zilivyo. Na muulize upande wa SHA, ile bima ya afya ya serikali, ni nini inalipwa kwa kila njia, muulize kabla mzee hajachagua, ili asije akachagua kitu halafu bili imrudishe.

Mzee aandike maswali yake kwa mkono wake, hata lile la tatu, akiona haya kulisema ampe daktari karatasi asome. Nimeona wazee wengi wakifanya hivyo.

Maabara zingine zinataka barua ya ombi yenye sahihi ya mgonjwa mwenyewe na zinachukua siku kadhaa kutoa vibloku, kwa hivyo enda na mzee kesho, usingoje Jumatano asubuhi.